Kisu cha Porini kwa Mwenye Fedha Kidogo

Miongoni mwa desturi zilizoota mizizi katika vitongoji vya pembezoni mwa Dar es Salaam, ambako nyumba zimepanda vilima na kushuka mabonde bila kuvimaliza vichaka, ni ile ya vijana, na hata ya wazee wenye siha njema, kufunga mizigo yao Ijumaa jioni na kulipa jiji mgongo. Wengine huelekea Kisarawe na misitu ya Pugu. Wengine huenda Bagamoyo. Wengine hupanda basi la Morogoro ili alfajiri ya pili yake waukabili mlima wa Uluguru hadi kilele cha Lupanga, ambacho kimo chake ni mita 2,138 juu ya usawa wa bahari. Na wengine, ambao ndio wengi zaidi ijapokuwa hawajiiti wasafiri, huenda kulala shambani Mlandizi au Kiluvya katika kibanda kisicho na umeme wala bomba la maji. Wote hawa, kabla hawajatoka, hukabiliwa na haja ya kitu kimoja kidogo ambacho mjini hakifikiriwi sana, lakini porini hakina badala yake, nacho ni kisu.

Hapa Goba, kata iliyokuwa sehemu ya Kinondoni kabla Ubungo haijafanywa wilaya, swali huja aghalabu kwa namna moja: "Shikamoo mzee. Ninunue kisu gani cha porini, nacho kisiwe cha bei ya kuniumiza?" Ni swali la haki, na kwa bahati mbaya jibu linalotolewa na mabaraza ya wauzaji ni la kupotosha, kwa kuwa muuzaji huonyesha kinachong'aa na mnunuzi hulipia kinachoonekana. Rai yangu ni kwamba thamani ya kisu imo katika mambo mawili ambayo jicho la mnunuzi haliyafikii, yaani msuka uliozama ndani ya mpini, na moto uliopitishwa katika feleji. Na mambo hayo mawili, kinyume cha dhana ya wengi, hayadai fedha nyingi, bali yanadai mnunuzi anayejua kuuliza na mwenye subira ya kungoja jibu.

Kwanza tuitazame kazi, maana chombo hukisiwa kwa kazi yake. Mtu wa pwani na wa bara iliyo karibu hana haja ya kisu cha kupasulia magogo, kwa sababu panga limekwisha kuitwaa kazi hiyo tangu zamani, na ni nadra kuona nyumba yenye ua huku kwetu ambayo haina panga nyuma ya mlango. Mapanga yenye alama ya mamba ya kampuni ya Ralph Martindale ya Birmingham, yale ya Tramontina kutoka Brazil, na yale yaliyotengenezwa hapa hapa Ubungo katika kiwanda cha zana za kilimo cha UFI, kilichojengwa kwa msaada wa China, yote yamepita katika mikono ya wakulima wetu na kufyeka, na kupasua dafu, na kuchanja kuni, na kuchimba mashimo ya mbegu, bila ya mtu kuandika sifa zake. Kisu, basi, kiachiwe zile kazi ambazo panga hushindwa kwa sababu ya ukubwa wake: kumenya muhogo, kupasua na kusafisha samaki, kukata kamba karibu na fundo, kuchonga vigingi vya hema, kukwangua gome kavu ili kupata nyuzinyuzi za kuwashia moto wakati wa masika, na kukata kitambaa cha kufungia jeraha. Mwenye kazi hizo hana haja ya kengee, yaani bapa la kukatia, inayozidi sentimita 12, na sentimita 10 zinamtosha; wala hana haja ya unene unaopita milimita 4, kwa kuwa kisu kinene hupasua badala ya kukata, na mtu akimenya embe kwa kisu cha namna hiyo hula nusu na kutupa nusu.

Mgema wa mnazi hapandi juu na panga kiunoni. Hupanda na kotama, kisu chembamba kilichopinda, kwa kuwa kazi yake ni kukwangua karara kwa upole na si kukata tawi. Mmaasai anayelinda lango la nyumba ya tajiri huko Mbezi Beach hana kotama. Ana sime ndani ya ala ya ngozi nyekundu, nyembamba karibu na mpini na pana kuelekea kwenye ncha, ili uzito wake ulale mbele pale anapopiga. Kila mmoja wao amerithi umbo lililopimwa na vizazi, na kila umbo ni zuri mahali pake. Msafiri wa mwisho wa juma hakurithi umbo lolote, na ndiyo maana hudanganyika upesi.

Kuhusu visu vya kukunja sitasema mengi. Ni vyema mfukoni, na mtu wa mjini ana udhuru wa kuvipenda. Lakini bawaba yake ni mahali dhaifu, mchanga na utomvu wa mafenesi huingia humo, na kufuli lake likilegea wakati umekibana kwa nguvu, kinachokatwa ni vidole. Kwa safari ya porini kisu na kiwe kimoja kisichokunjika, chenye ala yake.

Nenda sasa Kariakoo, au simama katika gulio lolote la kando ya barabara, utaoneshwa kwa majivuno kisu cha kutisha: kengee ndefu iliyopakwa weusi, meno ya msumeno mgongoni, mpini wa mviringo ulio mtupu ndani, na kifuniko cha mpini kimetiwa dira ndogo, na humo ndani mmefichwa njiti za kiberiti, ndoana na uzi wa kuvulia. Asili ya kisu hiki ni sinema. Mwaka 1982 ilipotoka filamu ya First Blood, ambayo ndani yake Sylvester Stallone aliigiza askari aitwaye Rambo, kisu alichokibeba kilikuwa kazi ya mikono ya fundi hodari wa Marekani, Jimmy Lile, na kilikuwa cha gharama kubwa. Lakini filamu hizo zilipoenea dunia nzima, na kuingia hata katika vibanda vya video vya Manzese na Tandika, viwanda vya kuigiza vililichukua umbo na kuyaacha maarifa. Katika nakala hizo za rahisi kengee hukomea mdomoni mwa mpini, ikashikwa na nati moja au na gundi, na nguvu yote ya mkono wa mtu hukutana mahali hapo padogo. Mpe kijana mwenye kifua kisu hicho akipasulie kuni mbichi ya mkwaju, na kabla jioni haijaisha mpini utakuwa kiganjani na kengee itakuwa ndani ya kuni. Na yale meno ya mgongoni, yanayowavutia mno wanunuzi, hayakati mti, kwa sababu hayakupishanishwa kama meno ya msumeno wa seremala. Hujaa unga, hukwama, na zaidi ya hapo huondoa faida ya mgongo bapa, ambao ndio unaopigwa kwa rungu la mti pale mtu anapotaka kuchanja kijiti kiwe vipande vyembamba.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuuliza ni msuka. Ulio madhubuti kuliko yote ni ule wenye upana wa mpini wenyewe, unaofika hadi kitakoni, na pande zake mbili zimebandikwa vipande vya mti na kukazwa kwa ribiti. Huu hauhitaji imani, maana ukiugeuza mpini utauona ukanda wa chuma ukizunguka kati ya mbao mbili tangu mwanzo hadi mwisho. Uko msuka mwingine, mwembamba, uliofichwa ndani ya mti na kuzibwa kwa noleo la shaba au la bati, na huo nao si mbaya iwapo umeingia angalau robo tatu ya mpini na ukapigwa pini. Visu vingi vya nchi za baridi hufanywa hivyo ili chuma kisigande mkononi. Tatizo ni kwamba msuka wa namna hiyo hauonekani. Dawa yake ni kukilaza kisu juu ya kidole cha shahada pale mpini unapokutana na kengee: kisu ambacho mpini wake una chuma cha kutosha hutulia karibu na hapo, na ambacho mpini wake ni mtupu huinamisha kichwa mara moja. Si kipimo cha kutoa hukumu ya mwisho, lakini kinatosha kumfanya mnunuzi arudishe fedha mfukoni na kuuliza zaidi.

Jambo la pili ni feleji, na hapa ndipo fedha za watu wengi zinapopotea. Feleji ni chuma kilichochanganyika na kaboni kwa kiasi. Kaboni ikiwa chini ya asilimia 0.3, kama ilivyo katika nondo za kujengea nyumba, chuma hicho hata ukikitia moto na kukizamisha mara mia hakitakomaa kiasi cha kushika makali. Ikiwa baina ya asilimia 0.6 na 1, hukubali ugumu, na makali yake hudumu. Chuma kisichoshika kutu ni kile kilichoongezwa kromiamu, angalau asilimia 10.5, na katika visu aghalabu 13 au zaidi. Jina hilo la kutoshika kutu limewadanganya watu wengi, kwa sababu kijiko cha chai nacho hakishiki kutu, na hakuna aliyewahi kuchinja kuku kwa kijiko. Maandishi yaliyopigwa ubavuni yakisema kwamba kisu hakishiki kutu, bila kutaja aina ya chuma, yanakuambia habari za mng'aro tu na si habari za makali.

Je, achague kipi mkazi wa jiji hili, ambalo hewa yake ina chumvi na mikono ya watu wake ina jasho miezi yote? Kwa mvuvi, na kwa anayekwenda visiwa vya Mbudya au Bongoyo kuchoma samaki ufukoni, nasema bila kusita kwamba achukue kisichoshika kutu, kwa sababu maji ya bahari hayana huruma na chuma. Kwa wengine wote napendelea feleji ya kaboni. Ni rahisi zaidi kwa bei. Hunoleka kwa jiwe lolote la kawaida, hata la mtoni. Na kutu yake huzuilika kwa kukifuta kisu baada ya kazi na kukipaka mafuta ya nazi, ambayo kila jiko la pwani linayo na ambayo hayadhuru chakula. Baada ya miezi michache ya kukata ndimu, vitunguu na embe mbichi, kengee hugeuka rangi na kuwa ya kijivu iliyokolea. Asiyejua hukisugua kwa mchanga kwa kudhani ni uchafu, ilhali weusi huo ni ngozi inayokinga kutu nyekundu isipate nafasi.

Wapo wanaodhani kwamba feleji njema ni lazima itoke ng'ambo, na dhana hiyo ina umri mkubwa. Kitabu cha mabaharia wa Kiyunani kiitwacho Periplus, kilichoandikwa katika karne ya kwanza baada ya Masihi, kinaitaja Rhapta, soko la mwisho la pwani hii, na kueleza kwamba miongoni mwa bidhaa zilizoletwa huko kutoka Uarabuni ilikuwamo mikuki iliyofanywa Muza mahususi kwa biashara hiyo, na mashoka, na visu. Tumekuwa wanunuzi wa visu vya wageni kwa takriban miaka elfu mbili. Lakini katika zama zizo hizo, bara, mafundi walikuwa kazini: mwaka 1978 wanazuoni Peter Schmidt na Donald Avery walitangaza uchunguzi wao wa Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, ambako tanuri za udongo zilizochimbuliwa zilionyesha kwamba feleji ilitolewa huko miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, na wazee wa Kihaya waliokuwa bado wanaikumbuka kazi hiyo waliijenga tanuri upya mbele ya macho ya wanazuoni hao na kuyeyusha mawe yakatoa chuma. Huko Ufipa zilisimama tanuri ndefu kuliko kimo cha mtu. Na al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake cha jiografia mwaka 1154, aliwataja watu wa Malindi kuwa wachimbaji na wauzaji wa chuma. Nayasema haya kwa sababu kijana anayemdharau mhunzi wa Gerezani, hapa hapa jijini, na kuagiza kisu kwa njia ya simu kutoka bara jingine hajui kwamba anaipita kazi yenye nasaba ndefu.

Mhunzi wa leo hayeyushi mawe. Chuma chake hutoka katika magari mabovu, na kilicho bora kwa visu ni springi, zile bapa zilizopangwa matabaka chini ya lori, ambazo kaboni yake ni karibu asilimia 0.6, pamoja na kromiamu kidogo au silikoni na manganizi, kadiri ya mtengenezaji. Chuma hicho kilikwisha kuchaguliwa na wahandisi kwa ajili ya kupinda na kurudi mamilioni ya mara bila kuvunjika. Ni chuma kizuri kwa kisu cha kazi, na huuzwa kwa kilo kwa bei ya chuma chakavu. Kina kasoro moja ambayo mnunuzi aiangalie: springi iliyochoka huwa na nyufa ndogo zisizoonekana, zilizoanzia mahali ilipokuwa ikisuguana na mwenzake, na ufa huo hufunguka siku chuma kinapozamishwa katika mafuta au siku unapokipiga mgongoni. Mwombe fundi akate kipande chake mbali na tundu la katikati na mbali na ncha zilizosagika.

Tangu hapo mazungumzo na mhunzi yawe ya adabu lakini ya wazi, maana yeye amezoea kufua mapanga na majembe, na panga halikomazwi kama kisu. Mwenye panga hutaka chuma laini kidogo, kisichomeguka kikigonga jiwe, na ambacho atakinoa kwa tupa akiwa amechutama shambani. Fundi akikufanyia kisu kwa kanuni hiyo, utakipenda siku mbili kisha hakitapata tena. Mwambie hivi: akitie kisu motoni, kikiwa kimekwisha kupewa umbo na kutobolewa matundu ya ribiti, mpaka kiwe chekundu na sumaku isikishike, jambo linalotokea karibu na nyuzi 770 za Selsiasi, kisha akiongeze moto kidogo, na akizamishe katika mafuta yaliyopashwa, si katika maji, kwa sababu maji hukipoza kwa ghafla na kukipasua. Hapo kisu ni kigumu mno, na kikianguka sakafuni huvunjika vipande. Ndipo unapokuja moto wa pili, ambao wengi huuruka kwa haraka au kwa kutokujua: kisu kisafishwe ubavu mmoja mpaka ung'ae, kipashwe polepole, bora kwa mgongo wake, mpaka uso uliong'aa ugeuke manjano, kwenye nyuzi kati ya 200 na 230 hivi, kisha kiondolewe. Rangi ikifika buluu, umekirudisha kwenye upole wa springi na makali hayatadumu. Moto huo wa pili ndio unaotenganisha kisu na kipande cha chuma chenye umbo la kisu, na fundi anayeufanya kwa uangalifu anastahili kulipwa ziada bila kuombwa punguzo.

Utajuaje kwamba amefanya? Chukua tupa mpya uipitishe kwa upole ukingoni mwa makali. Ikiteleza kwa mlio wa kioo, feleji imekomaa. Ikiuma na kutoa unga, ni laini. Kisha tafuta fimbo nyembamba ya shaba, ilaze mezani, na uyabonyeze makali juu yake kwa pembe ile ile ya kunolea, ukiyatazama dhidi ya mwanga wa dirisha: yakipinda kidogo na kurejea, hicho ni kisu cha kununua, yakibaki yamepinda, moto ulikuwa mdogo, yakimeguka, moto wa pili haukufanywa. Na kama una shaka kwamba ulichouziwa kwa jina la springi ni nondo iliyopigwa bapa, mwombe fundi akiguse chuma hicho kwenye jiwe la mashine, maana feleji yenye kaboni nyingi hurusha cheche zinazopasuka matawi mengi, na chuma laini hutoa mistari mirefu isiyopasuka. Mhunzi mwaminifu haoni haya kufanyiwa majaribio haya. Wengi wao huyafurahia, kwa sababu ni wachache wanaowauliza.

Mpini wa mninga hutosha, na haupotoki sana masika yanapoingia. Mpingo ni mzuri kwa macho na haushindwi na maji, lakini ni mzito na huteleza ukilowa jasho, na bei yake si ya makala hii. Unene wa mpini ulingane na kiganja chako mwenyewe, na pasiwe na kona kali, kwa kuwa malengelenge ya saa ya kwanza ya kuchonga hutoka hapo. Ala nayo isisahauliwe. Ngozi iliyoshonwa na fundi viatu ni njema wakati wa kiangazi, ila huhifadhi unyevu na kukitia kutu kisu cha kaboni msimu wa mvua. Wako mafundi wanaochukua kipande cha bomba la plastiki la maji, wakalipasha moto hadi lilegee, wakalibana juu ya kisu kwa mbao mbili, na kutoka hapo hupatikana ala ngumu isiyonyonya maji, ambayo gharama yake ni ndogo sana.

Na asiyekuwa na subira ya kumngojea mhunzi, lakini ana ndugu anayerudi kutoka Ulaya? Kwake nina jina moja tu, nalo ni Mora. Katika mji mdogo wenye jina hilo, huko Dalarna nchini Uswidi, visu vimefanywa kwa vizazi, na kiwanda ambacho ndicho asili ya Morakniv ya leo kilianza mwaka 1891. Kile kiitwacho Companion kina kengee ya sentimita 10 hivi, unene wa milimita 2.5, mpini wa plastiki usioteleza, na chuma cha Sandvik kisichoshika kutu ambacho kaboni yake ni asilimia 0.6, na huko kwao huuzwa kwa bei isiyozidi dola 25. Hakina umbo la kutisha, hakina meno mgongoni wala dira, na msuka wake haufiki mwisho wa mpini. Lakini maseremala, wavuvi na askari wa nchi za kaskazini wamekitumia kwa kazi za kila siku. Ni hoja kubwa dhidi ya wale wanaosema kwamba cha rahisi ni kibaya daima, kwani urahisi wake umetokana na kuachwa kwa mapambo yasiyokuwa na kazi.

Kisu chochote, kiwe cha Gerezani au cha Uswidi, kitakuwa butu, na hapo mwenyewe huonekana ni mtu wa namna gani. Mafundi wanaozunguka mitaani na baiskeli zilizofungwa gurudumu la kunolea ni watu wenye msaada mkubwa kwa visu vya jikoni, lakini gurudumu kavu likizungushwa kwa kasi huuchoma ukingo mwembamba wa makali. Ukiona mstari wa zambarau au buluu umetokea ukingoni, ujue ile kazi ya moto wa pili imefutwa mahali hapo, na kisu hakitashika makali mpaka sehemu hiyo iishe kwa kunolewa. Kwa kisu cha porini nunua jiwe la kunolea lenye pande mbili, wa kukwaruza na wa laini, ulilowanishe maji, ukilaze kisu kwa pembe ya nyuzi 20 hivi, ukisukume kana kwamba unataka kukata ganda jembamba la jiwe, upande huu kisha upande huu, bila haraka. Waislamu wamefundishwa na Mtume wao kwamba mchinjaji akinoe kisu chake na ampumzishe mnyama. Na kabla ya Idi kubwa utawaona wazee wa Tandale na Temeke wakilitii fundisho hilo kibarazani kwa utulivu ambao kijana wa porini angeuiga angefaidika. Kisu butu ndicho kinachojeruhi, kwa kuwa hutaka nguvu, na nguvu ikiteleza haijui pa kusimama.

Limebaki jambo la sheria, na halina utani. Kanuni za Adhabu za nchi yetu, Sura ya 16, zinakataza kutembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kuwatia watu hofu, na kisu kinachoning'inia kiunoni katika Kituo cha Mabasi cha Magufuli pale Mbezi hakina sababu ambayo askari atairidhia. Ndani ya hifadhi mambo ni mazito zaidi. Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282, inakataza kuwa na silaha ndani ya hifadhi bila kibali, na katika mashauri mengi yaliyotoka Serengeti na kusikilizwa katika mahakama za mkoa wa Mara, silaha zilizotajwa katika hati za mashtaka hazikuwa bunduki, bali panga moja, kisu kimoja na nyaya za kutegea wanyama. Watu wamefungwa kwa ajili ya hayo. Mapori ya akiba nayo yana sheria yake, ile ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na Pori la Akiba la Pande, lililo karibu mno nasi, limo katika hukumu hiyo. Kwa hiyo kijana wa Goba anayedhani kwamba ameingia katika kichaka cha jirani tu anaweza kuwa amevuka mpaka wa serikali akiwa na kisu mkononi. Katika misitu iliyohifadhiwa mti mbichi haukatwi hata kwa kigingi kimoja. Vigingi vichongwe nyumbani, navyo vibebwe.

Anayekwenda Mikumi au Serengeti kwa matembezi na amuulize mwongozaji wake kabla hajafunga mzigo, na akiambiwa akiache kisu, akiache. Anayesafiri kwa ndege akiweke katika mzigo unaokabidhiwa, kwa maana kikikutwa mkononi kitachukuliwa, nacho hakirudi. Na anayekwenda shambani kwake, ambako ana haki ya kukitumia mchana kutwa, akifute, akipake mafuta ya nazi, akitie katika ala, na ala aitie ndani kabisa ya mkoba chini ya nguo, mpaka afike.